Vali ya mama: madaktari wawili, majibu mawili

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 74 na bado anauza mitumba Gikomba. Siku hizi akipanda ngazi za nyumbani anasimama kila orofa apumue. Alipigwa eko ya moyo, ile picha ya mawimbi ya sauti. Ripoti inasema vali ya aota, mlango wa damu inayotoka moyoni kwenda mwilini, imebana hadi sentimita mraba 0.8, wastani wa tofauti ya presha kabla na baada ya vali ni 27, na nguvu ya moyo asilimia 35. Daktari mmoja anasema ugonjwa umekolea, mwingine anasema ni wa kadiri, tusubiri. Tumsikilize nani?
Binti Mkubwa, Umoja

JIBU: Pole sana, dada, na umfikishie mama salamu zangu. Kabla ya kumchagua daktari, angalia hiyo 35. Moyo mzima husukuma zaidi ya nusu ya damu ya chumba cha kushoto kila unapopiga. Wa mama unasukuma thuluthi na ushei tu.

Vali iliyobana sana kwa kawaida hutoa tofauti ya presha ya 40 au zaidi, lakini hiyo ni pale damu inapopita kwa wingi. Hata lango jembamba la uwanja halina msongamano watu wakiwa wachache. Kwa hiyo 27 isiwatulize. Wala 0.8 peke yake haitoshi, kwa sababu moyo mchovu unaweza kushindwa kuifungua vizuri hata vali ambayo haijaharibika sana.

Ombeni eko irudiwe huku mama akitundikiwa dobutamini kidogo kidogo, dawa inayouamsha moyo, mtaalamu akiwa kando yake. Damu ikiongezeka, tofauti ya presha ikafika 40 na vali ibaki chini ya 1.0, ugonjwa umekolea. Vali ikipanuka kupita hapo, tatizo kubwa liko kwenye msuli wa moyo.

Jibu lisipoeleweka, kuna skani ya CT ya kupima chokaa kwenye vali, bila kuchomwa dawa ya rangi. Kwa mwanamke, alama 1200 na kuendelea huashiria vali iliyobana sana; kwa mwanamume ni 2000. Mwambieni daktari kama mama aliugua homa ya baridi yabisi utotoni, maana vali ya namna hiyo huweza kubana bila chokaa nyingi.

Kusubiri tu sikubaliani nako, maana mama tayari anahema. Akizirai au kifua kikimbana, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.