Kumhamisha Mke wa Bath hadi Gikomba

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba ameyageuza mashairi ya Chaucer, mshairi wa kale wa Uingereza, yawe ya Kiswahili cha leo, lakini kila anayeyasikia husema yananuka darasa. Nilicheka kwa uchungu, kwa sababu maneno kama hayo niliwahi kuambiwa mimi, mbele ya ukumbi uliojaa watu hapa Nairobi.

Nilikuwa nimewapakia mahujaji wa Chaucer, wale wanaosimuliana hadithi njiani kwenda Canterbury, kwenye matatu ya kwenda Subukia, wanakohiji Wakatoliki wa Kenya, pamoja na utingo na muziki wa kupasua masikio, nikaamini kazi imekwisha. Malenga mmoja aliyeketi mbele akasema, bila hata kushusha sauti, kwamba hiyo ni tafsiri iliyovishwa kanga. Sijamsamehe bado, ingawa alikuwa na haki: niliihamisha safari, wasafiri nikawaacha Uingereza ya karne ya 14.

Aliyenifumbua macho ni Patience Agbabi, mshairi aliyezaliwa London na wazazi Wanigeria, ambaye mwaka 2014 alichapisha kitabu kinachozisimulia upya hadithi za Chaucer. Kwake, Mke wa Bath, mmoja wa mahujaji hao, ni mfanyabiashara Mnigeria, Bi. Alice Ebi Bafa, na anazungumza Kiingereza cha watu wake.

Basi nawe, ndugu yangu, anza na mtu mmoja na umsikilize. Mke wa Bath ni fundi wa nguo, ana mwanya, ameolewa mara tano, na sikio lake moja limekufa kwa pigo la mume wa tano, baada ya yeye kuchana kurasa za kitabu ambacho mume huyo alimsomea kila usiku kuhusu uovu wa wanawake. Wasomaji wa zama zake waliuona mwanya kuwa dalili ya ashiki. Sisi tunausifu kuwa urembo, na hapo peke yake pana shairi zima. Nilikwenda Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, alfajiri mitumba ikifunguliwa, wanawake wakigombea kamera, yaani nguo za daraja la kwanza, nikarudi na mizani yangu minane kwa kila kipande: “Wanne nimewazika, wa tano kanipa kofi.” Usihesabu mizani kabla ya kuisikia sauti. Narudia: sauti kwanza.

Niliposoma tena, katika ukumbi uleule, mama mmoja alinifuata mlangoni akitaka kujua ni sikio la kulia au la kushoto. Nilimjibu kwamba Chaucer hakusema.