Feni inazunguka, injini inachemka: kalostati isitolewe

SWALI: Fundi, jambo. Kliniki yetu ya meno hapa Lubumbashi inatembea ndani ya gari-nyumba la Kimarekani tulilonunua likiwa limeshatumika. Injini ya dizeli iko nyuma, na feni ya radiateri haiendeshwi na mkanda bali na mafuta ya haidroliki. Mjini hakuna shida. Tukielekea Likasi, kwenye miinuko, hasa baada ya saa sita mchana, mshale wa joto unapanda kutoka 90 hadi 105 na shofere analazimika kusimama. Feni inazunguka, tumeiona kwa macho. Fundi mmoja anataka kutoa kalostati na kukaza skurubu ya presha kwenye mfumo wa feni. Tumruhusu?

JIBU: Hapana, Mama Daktari. Kalostati ibaki mahali pake, na skurubu ile asiiguse mtu asiye na manometa, yaani kipima presha, mkononi.

Nianze na kalostati, kile kilango cha joto kwenye njia ya maji, maana kukitoa ndiyo dawa inayouzwa kwa kila injini inayochemka kutoka hapa hadi Kasumbalesa, na imenichosha. Anayekitoa anaamini ni kizuizi: kikiondoka, maji yatapita kwa wingi na injini itapoa. Kwenye injini nyingi kubwa za dizeli mambo ni kinyume. Kalostati hufanya kazi mbili kwa pamoja. Inapofungua njia ya kwenda kwenye radiateri, inaziba ile njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini bila kupitia radiateri. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi saa zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani kwa ndani bila kuonja upepo. Mjini, gari likienda polepole, mshale unashuka na mwenye gari anaamini amepona. Mlimani, penye mzigo, joto linapanda kuliko mwanzo. Tena asubuhi za baridi za mwezi wa sita injini inachelewa kupata joto lake, mazuti, yaani dizeli, hayaungui vizuri, mengine yanateremka kwenye oili, na silinda zinalika kabla ya wakati.

Mwenye shaka na kalostati aitoe aipime. Inatumbukizwa kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, maji yanapashwa moto taratibu, na mtu anatazama inaanza kufunguka kwenye joto gani. Namba yake imechongwa kwenye chuma, mara nyingi 82 au karibu na hapo. Ikiwa mbovu, nunua mpya. Lakini injini isikae bila kalostati.

Sasa hilo la kuiona feni kwa macho. Feni ya haidroliki huzunguka hata ikiwa mgonjwa. Pampu inaendeshwa na injini; inasukuma mafuta hadi kwenye mota iliyo katikati ya feni, kisha mafuta yanarudi tangini kupitia kipozeo na filta. Vali moja, ikifuata joto la injini, ndiyo inayoamua mafuta kiasi gani yapite motani na kiasi gani yarudi bila kufanya kazi. Jicho haliwezi kutofautisha feni ya mizunguko 1,000 kwa dakika na ya 2,000, lakini ya kwanza inasukuma nusu tu ya upepo. Nguvu ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu inabadilika kwa mchemraba wa kasi: ikienda nusu ya kasi yake, feni inahitaji sehemu moja tu kati ya nane ya nguvu. Kwa hiyo pampu iliyochoka kabisa bado inaweza kuizungusha ukaridhika. Kifaa kinachosema kweli hapa ni kipima mizunguko cha mwanga, kile cha kubandika kipande cha karatasi inayong'aa kwenye feni. Ni kidogo, kinaingia mfukoni, na fundi yeyote anayejiita wa feni za haidroliki anapaswa kuwa nacho.

Kabla ya kufika kwenye mafuta, tazama uchafu. Kwenye magari ya injini nyuma, mara nyingi bomba la kupumulia la injini linatoa mvuke wa oili karibu na feni. Mvuke unakaa kwenye mapezi ya radiateri na ya intakula (kipozeo cha hewa inayoingia kwenye injini), na vumbi jekundu la kiangazi linaganda juu yake. Nje utaona pasafi. Uchafu umejificha katikati, kati ya intakula na radiateri, ambako ukimulika tochi upande mmoja mwanga hautokei wa pili. Osha kwa dawa ya kukata mafuta na maji ya presha ndogo, ukisukuma uchafu kinyume cha njia ya upepo. Mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi, nayo mapezi yaliyolala yanaziba kuliko vumbi. Angalia pia kama sponji na vibati vya kuziba pembeni mwa radiateri bado vipo. Vikikosekana, feni inavuta tena hewa ileile ya moto iliyokwisha kuitoa. Kifuniko cha presha nacho kikaguliwe: Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji ya kawaida yanachemka kwenye 96 hivi, na ni presha ya kifuniko inayokupa nafasi ya kupita hapo.

Kama ni safi, fuata haidroliki. Magari mengi ya aina yako yana vali ya umeme iliyotengenezwa hivi: waya ukikatika, feni inakwenda kasi ya mwisho, ili hitilafu ya umeme isiue injini. Kitabu cha gari kithibitishe hilo kwanza. Injini ikiwa imewashwa na watu wamekaa mbali na feni, chomoa plagi ya vali na upandishe mizunguko ya injini. Feni ikinguruma na kipima mizunguko kikafika namba ya kitabuni, pampu na mota ni nzima. Ugonjwa uko kwenye sensa ya joto, fyuzi, waya au kompyuta ya feni. Na unaweza kurudi nyumbani hivyohivyo, plagi ikiwa imechomolewa, ingawa feni kubwa kwa kasi ya mwisho inakula nguvu za farasi 20 hadi 30, utaona mazuti yakipungua. Vali za zamani za nta, zinazosukumwa na nta inayotanuka kwa joto, hazina waya. Kwa hizo nenda moja kwa moja kwenye manometa.

Feni isiponguruma, manometa inafungwa kwenye tundu la kupimia, na hapa ndipo lile neno lako la "baada ya saa sita mchana" lina uzito. Pima mafuta yakiwa baridi, kisha pima tena gari likitoka barabarani. Presha na kasi zikiwa nzuri asubuhi na kuporomoka mafuta yakipata moto, ama pampu au mota imelika ndani na mafuta mepesi yanavuja humo humo, ama mtu alijaza mafuta yasiyo yake. Mfumo mmoja unataka mafuta ya gia otomatiki, mwingine mafuta ya haidroliki, mwingine oili ya injini 15W-40. Soma kitabu au kifuniko cha tangi, usichanganye. Mafuta yenye povu yanaonyesha hewa inaingia upande wa kuvutia: klampu iliyolegea, mpira uliopasuka, au tangi lililopungua. Filta iliyoziba nayo hunyima feni mafuta, na ni ya bei ndogo kuliko vyote nilivyotaja. Ili kujua kati ya pampu na mota nani amekwisha, pima mafuta yanayotoka kwenye kibomba kidogo cha uvujaji cha mota, kama inacho. Yakizidi kiwango cha mtengenezaji, mota ndiyo mgonjwa.

Wakati huo mnasubiri vipimo, shofere apande mlima kwa gia ya chini, injini ikizunguka haraka lakini bila kukanyaga hadi mwisho. Pampu inafuata injini: gia kubwa na mizunguko michache ndiyo hali ambayo feni inapata mafuta machache na injini inatoa joto jingi. Akilazimika kusimama, na maji hayajamwagika, asizime papo hapo. Aache injini izunguke kwa wepesi dakika chache.

Sasa skurubu. Ile ni ya vali ya usalama. Haiongezi mafuta, inaweka tu mpaka ambao presha ikiufikia, mafuta yanaruhusiwa kurudi. Pampu iliyolika haiufikii mpaka huo, kwa hiyo kuusogeza juu hakuleti upepo wowote. Kinacholetwa ni siku ambayo pampu mpya imefungwa, hakuna anayekumbuka skurubu iliyokazwa, na mpira wa zamani unabebeshwa presha ambayo haukutengenezwa kuibeba. Mifumo hii kwa kawaida inafanya kazi kwenye bar 100 hadi 200. Mpira unapopasuka, mafuta yanatoka kama ukungu ndani ya chumba cha injini, na turbo ya moto iko palepale. Gari-nyumba lina mbao, sponji, mapazia, mara nyingi mtungi wa gesi. Linaungua lote kabla ya kumaliza kuteremsha wagonjwa. Nasema hivi kwa wenye mabasi na malori pia, na kwa vijana wanaofundishwa garajini kwamba kila presha ni ya kukazwa: mtu anayegusa vali ya usalama bila kupima anaweka maisha ya wengine rehani.

Na asitokee mtu wa kutafuta uvujaji kwa kupapasa mpira kwa mkono, injini ikiwa imewashwa. Tundu dogo kuliko ncha ya sindano linatosha kupenyeza mafuta chini ya ngozi, na hata presha ya bar 7 inaweza kufanya hivyo. Tumia kipande cha katoni, shika mbali. Jeraha lake ni nukta tu, haliumi sana mwanzoni, na ndiyo sababu vijana wanalifunga kitambaa na kuendelea na kazi. Saa chache baadaye mkono unavimba, nyama inakufa ndani, wengine wanakatwa vidole. Likitokea, apelekwe siku ileile, saa ileile, kwa daktari wa upasuaji, hata kama anasema hajambo. Daktari aambiwe waziwazi kwamba ni mafuta ya presha, ya aina gani, na yameingia saa ngapi.