Okidi ya Milimani Haitaki Kudekezwa

Juzi dada mmoja wa Mombasa ameniandikia. Kanunua okidi aina ya Aerangis thomsonii, kaipanda kwenye chungu cha udongo na samadi, sasa majani yanapukutika na mizizi imeoza. Anauliza aiwekee mbolea gani. Dada yangu, mbolea haitakusaidia.

Mimi naikuza hapa Limuru, na msimu huu imenipa mashada ambayo wapita njia wanasimama kuyatazama. Kila ua jeupe lina mrija mwembamba unaoning'inia nyuma, mrefu kuliko kidole changu cha kati, na nekta, maji matamu ya ua, imejificha chini kabisa ya mrija huo. Giza likiingia ndipo harufu inajaa barazani, kwa kuwa mgeni anayengojewa ni nondo, yule mdudu kama kipepeo arukaye usiku, mwenye ulimi mrefu. Nalisema kwa fahari, kwa sababu mwamuzi mmoja wa maonyesho ya maua aliwahi kuitazama okidi hii hii akaniambia niirudishe porini. Bado inaniuma. Ua la misitu yetu wenyewe linaitwa gugu, la ng'ambo linapewa utepe!

Kwao ni misitu ya nyanda za juu za Kenya, Tanzania, Uganda na Ethiopia, takriban mita 1,600 hadi 2,600 juu ya usawa wa bahari. Huko hukaa juu ya matawi, mizizi ikiwa nje, ikipigwa na ukungu na upepo. Julai ya Limuru, vidole vinapokufa ganzi, majirani walinisihi niiingize ndani karibu na jiko. Nilikataa. Baridi ya usiku ndiyo afya yake.

Ifunge kwenye kipande cha mti chenye gamba gumu, uitundike kivulini penye upepo. Halafu jifunze kusoma mizizi: ikiwa mikavu huwa ya kijivu inayokaribia weupe, ukiinyunyizia maji inageuka kijani mbele ya macho yako. Ikirudi kijivu, mwagilia tena. Fanya hivyo asubuhi, kwa maji ya mvua, ili katikati ya majani pakauke kabla ya jioni. Maji yakilala pale, mmea unaoza. Upepo, jamani, upepo!

Na tuache kununua kwa wanaobandua okidi msituni. Tunalalamika misitu inaisha huku tukiwalipa wanaoimaliza. Muuzaji akuonyeshe miche aliyoikuza mwenyewe, akishindwa, ondoka.

Dada wa Mombasa, kama una ndugu Limuru, Molo au Nyahururu, mpelekee hiyo uliyonayo ingali hai. Wewe tafuta Aerangis kirkii, jamaa yake wa pwani. Ni ndogo zaidi, nayo ina maua meupe yanayonukia usiku, na joto lenu imelizoea tangu asili. Ila nayo usiitie kwenye udongo.