Barua kwa mwanangu aliyeko Conakry

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako mama yako amenisomea kwa sauti, kwa kuwa miwani yangu iko kwa fundi, na alipofika pale unaposema kwamba umetua kwenye uwanja wa ndege wenye jina la Ahmed Sékou Touré, rais wa kwanza wa Guinea, kisha mwenyeji wako akakataa katakata kulitamka jina hilo kwa sababu ya ndugu yao aliyeishia Camp Boiro, gereza la wafungwa wa kisiasa, alisita akaniangalia, maana anakumbuka ni picha ya nani iliyokuwa sebuleni kwetu Temeke mpaka ulipokaribia kuanza darasa la kwanza. Unaniuliza jambo moja: je, Sékou Touré alifanya vyema kumwambia de Gaulle, kiongozi wa Ufaransa, "Hapana" mwaka 1958, katika kura ya kuamua kama Guinea ibaki chini ya Ufaransa au iwe huru, ikiwa hayo ndiyo yaliyofuata?

Nitakujibu, ingawa nadhani swali lenyewe linampa mtu mmoja neno lililokuwa la wengi. Ni kweli kwamba tarehe 25 Agosti 1958, mbele ya de Gaulle, alisema kwamba watu wa Guinea wanachagua umaskini katika uhuru kuliko utajiri katika utumwa. Lakini chama chake, PDG, kiliamua rasmi kupiga kura ya Hapana tarehe 14 Septemba, wiki mbili tu kabla ya kura, na kufikia siku hiyo shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Magharibi, UGTAN, lilikuwa limekwisha kutoa msimamo huo huko Bamako, na vijana, wanafunzi na walimu walikuwa wakimsukuma kwa nguvu zote. Miongoni mwa walimu hao alikuwamo Koumandian Keita, kiongozi wa chama chao. Lishike jina hilo. Tarehe 28 Septemba zaidi ya asilimia 95 ya wapiga kura wakasema Hapana, na tarehe 2 Oktoba nchi ikawa huru. Mimi ningekuwa na kura Guinea, ningeipiga hivyohivyo, na ningeipiga hata kama ningejua kwamba Wafaransa wataondoka na majalada na kung'oa simu ofisini.

Kwa hiyo kuhusu kura sina shaka. Linaloninyima raha ni jingine, nalo linaanzia mbali kidogo.

Sékou Touré alizaliwa Faranah mwaka 1922, akafukuzwa shule ya ufundi ya Conakry akiwa bado kijana mdogo kwa kuwaongoza wenzake kugoma, akaajiriwa karani wa posta, na mwaka 1945 akaanzisha chama cha wafanyakazi wa posta na simu. Miaka michache baadaye ndiye aliyekuwa akiliongoza tawi la Guinea la CGT, shirikisho la wafanyakazi la Ufaransa. Haya nayapita upesi, kwa sababu ninapotaka utulie ni mwaka 1953.

Desemba 1952 bunge la Ufaransa lilikuwa limepitisha Sheria ya Kazi ya makoloni, iliyopunguza wiki ya kazi kutoka saa 48 hadi saa 40. Waajiri wakaifurahia kwa namna yao: kama saa zimepungua, na malipo yapungue. Wafanyakazi wakadai malipo ya kila saa yapande kwa asilimia 20. Fanya hesabu mwenyewe, utaona kwamba saa 40 zikiongezwa sehemu yake ya tano zinarudi kuwa 48, yaani hawakuomba hata senti moja ya ziada, walitaka tu mfuko wa mwisho wa mwezi usipungue kwa ajili ya sheria iliyotungwa kuwasaidia. Wakiongozwa naye, waligoma kuanzia Septemba hadi Novemba, zaidi ya miezi miwili, wengine wakarudi vijijini kulima, wanawake wa mjini wakakusanya chakula, na mchele wa wakulima wasiokuwa na mshahara wowote ukawalisha wenye mishahara. Wakapata asilimia 20 yao. Nilipoyasoma hayo nikiwa kijana sikulala, na picha ile niliitundika ukutani kwa ajili ya mgomo wa 1953, wala si kwa ajili ya hotuba ya 1958.

Sasa njoo Novemba 1961. Chama cha walimu kikatoa waraka kupinga utaratibu mpya wa mishahara yao. Viongozi wake, akiwamo Koumandian Keita niliyekuambia umshike na mwanahistoria Djibril Tamsir Niane, wakakamatwa wakaitwa wapinduaji, wakahukumiwa vifungo hadi vya miaka 10. Wanafunzi walipogoma kuwatetea, askari wakawazima. Balozi wa Urusi ya Kisovyeti akafukuzwa kwa madai ya kuhusika. Aliyewafunga ni yuleyule karani wa posta, na waliofungwa walikuwa wametangulia kumwonyesha njia ya Hapana.

Nimewaambia tangu mkiwa wadogo, hata kaka zako huimalizia sentensi hii kabla yangu: anayelipa mshahara hawezi kuwa msemaji wa anayelipwa.

Habari ya kiwandani unaijua kwa juu juu. Ilikuwa baada ya Mwongozo wa TANU wa 1971, uliotuambia sisi wa chini kwamba kiongozi haruhusiwi kuwa na dharau wala kunyanyasa, nasi tukaamini. Msimamizi mmoja alimpiga kofi mzee wa kubeba marobota mbele ya vijana wenye umri wa wajukuu zake. Zamu ya asubuhi ikatoka, ya mchana ikakataa kuingia, tukataka tu msimamizi yule aombe radhi. Aliyeletwa kutuzungumzia alikuwa mwenzetu, aliyekuwa mwenyekiti wetu wa tawi, ambaye kila tulipofiwa yeye ndiye aliyeshika kopo la michango, na ambaye mwaka huo alikuwa amepewa cheo kwingine. Alipanda juu ya mizani ya marobota ili aonekane, akatuambia kwamba kugoma katika nchi huru ni kujigomea wenyewe, kisha akakunjua karatasi akaanza kusoma majina ya waliofukuzwa. Jina langu alilisoma kwa jina la utani alilokuwa akiniita tukiwa tunakula chakula cha mchana pamoja, akajisahihisha, akasoma lile la kwenye daftari. Kufukuzwa nilikwisha kuzoea. Kule kujisahihisha sijakuzoea mpaka leo. Maandazi ya mama yako yalianza wiki hiyo.

Utasema nachanganya mambo, kwamba Dar es Salaam si Conakry. Sichanganyi. Kwetu Rashidi Kawawa alikuwa katibu mkuu wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, kabla ya kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, mwaka huohuo sheria ikafunga mlango wa migomo, na mwaka 1964 vyama vikavunjwa kikabaki chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, kilichokuwa chini ya serikali. Lakini hakuna aliyenyimwa chakula gerezani mpaka afe kwa sababu ya waraka wa mishahara. Njia zilianza mahali pamoja, hazikuishia pamoja, na tofauti hiyo naiheshimu.

Tena najibishana mwenyewe. Je, Sékou Touré angefanyaje? Mwalimu mwenye mshahara alikuwa mtu mwenye bahati mbele ya mkulima, na mchele wa 1953 ulikuwa umetoka kwa mkulima huyo. Maadui nao hawakuwa wa kubuni: tarehe 22 Novemba 1970 Wareno walivamia Conakry kutoka baharini, kwa sababu alikuwa amempa mahali pa kukaa Amílcar Cabral na chama chake cha PAIGC, waliokuwa wakipigania uhuru wa Guinea-Bissau kutoka kwa Wareno, kama alivyompokea Nkrumah mwaka 1966 alipopinduliwa. Mtu aliyetenda hayo nitamwitaje mbaya? Halafu namkumbuka Diallo Telli, mtoto wa Guinea, katibu mkuu wa kwanza wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), aliyerudi nyumbani akawa waziri, akakamatwa mwaka 1976 na kufa Boiro mwaka uliofuata kwa kunyimwa chakula na maji. Wareno hawahusiki na kifo hicho.

Mwaka huohuo wa 1977, mwezi Agosti, wanawake wa sokoni Conakry walichoshwa na polisi wa uchumi waliokuwa wakiwapekua na kuwanyang'anya bidhaa, wakaandamana hadi ikulu, na serikali ikalazimika kulegeza masharti ya biashara. Hapo ndipo ninapofurahi. Wanawake ndio waliowalisha wagomaji wa 1953, na miaka 24 baadaye wakasimama bila chama chochote cha kuwasemea, kwa kuwa vyote vilikuwa vya Sékou Touré.

Yeye alifariki tarehe 26 Machi 1984 huko Cleveland, Marekani, na tarehe 3 Aprili jeshi likachukua nchi. Tulisikia redioni kwamba milango ya Boiro imefunguliwa, na siku chache baadaye tukampoteza Waziri Mkuu wetu, Sokoine, kwa hiyo watu wengi hapa nyumbani habari ya Guinea iliwapita. Mimi ndipo nilipoitundua picha. Sikuichana, iko ndani ya sanduku la bati la babu yako, pamoja na kadi yake ya bandarini.

Unataka niseme alikuwa mtu wa namna gani. Neno ninalo, limefika mdomoni mara mbili nikiandika barua hii, na mama yako ananiambia nilitoe. Silitoi, kwa sababu mwenyeji wako ana haki nalo kuliko mimi, na sitaki ulisikie kwangu kwanza. Ila hili nalisema bila kusita: siku alipoamua kwamba mwalimu anayedai mshahara ni adui wa taifa, ile Hapana ya 1958 ilinyang'anywa wenyewe walioipiga, na anayelipa mshahara hawezi kuwa msemaji wa anayelipwa.

Mwenyeji wako akiwa na mwalimu mstaafu katika ukoo wao, muulize kwa adabu kama anakumbuka waraka wa 1961 ulidai nini hasa, kwa vifungu na viwango, kisha uniandikie. Mama yako anauliza kama mchele wa huko unapikika.

Baba yako