Re: Mzee ana wake wawili, anataka kubatizwa
Habari mkuu. Kwa hiyo mzee kaokoka na mchungaji anasema amwache bi mdogo ndo abatizwe. Kwanza cheki ni dhehebu gani, majibu yanatofautiana hapo. Waanglikana kwenye mkutano wa Lambeth (mkutano wa maaskofu wao wa dunia nzima) 1888 walikataa kubatiza wenye wake wengi, 1988 wakalegeza, anabatizwa na wake zake na watoto wanaoamini ila aahidi haongezi mwingine wakati hao wapo hai, na waumini wa pale waridhie. Watu wanapenda kutaja 1 Timotheo 3:2, ule mstari wa "mume wa mke mmoja", lakini pale anaongelewa askofu bwana, sio kila muumini. Babu yangu alimtoa bibi mdogo akabatizwa, bibi akarudi kwao na watoto wanne hana hata shamba, mi siiti hiyo toba. Muulizeni mchungaji, huyo bi mdogo akiachwa ataishije.