Barua kwa mwanangu: kabla hatujaligusa shamba la Mtambile

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeipata kwa mkono wa mdogo wako alipoteremka na boti, pamoja na zile karatasi za mkataba. Nimezisoma mara tatu, mara ya mwisho juzi baada ya Isha, nyumba imetulia. Umeniuliza mambo mawili: ujiunge na huu mpango wa shirika la ndege wa kusomesha marubani wapya, miezi 18 huko nje, au usijiunge, na je, tuliuze shamba la Mtambile tupate ada.

Kwanza ujue kwamba sikuzuii. Unakumbuka siku ile tulivyokaa kiwanja cha Chake tukingoja ndege ya asubuhi, nakupeleka Unguja kupimwa macho? Ile ndege ndogo, Caravan, ilikuwa imesimama, rubani kijana akaenda chini ya bawa na kichupa, akakinga mafuta kidogo, kisha akakiinua kwenye jua na kukitazama kwa muda. Mimi nilidhani anamwaga machafu. Wewe ukaninong'oneza, "Anaangalia kama mafuta yameingia maji, mama." Ulikuwa na miaka 15, na mpaka leo sijui nani alikwambia. Tangu siku hiyo nilijua kwamba kukaa kaunta ya uwanja wa ndege kupima mizigo ya watu hakutakutosha.

Kwa hiyo urubani, naam. Mpango huu kama ulivyoandikwa, hapana. Na shamba haliuzwi. Sasa nikueleze.

Jina la shirika limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza, pamoja na picha ya vijana wenye mistari mabegani. Lakini mkataba utakaoutia saini si wa shirika, ni wa skuli ya urubani. Shirika linatajwa mara moja tu huko ndani, nalo limesema ukimaliza na kufaulu "utafikiriwa kwa nafasi itakayokuwepo." Mwanangu, nimesomesha Kiswahili miaka 31. Kufikiriwa si kuajiriwa. Na "itakayokuwepo" maana yake leo haipo.

Mipango hii haifanani hata ikiitwa jina moja. Ipo ambayo shirika lenyewe linabeba gharama. British Airways walianzisha wao mwaka 2023, wanalipa mafunzo mpaka pauni 100,000 kwa mwanafunzi mmoja, lakini ni kwa wenye haki ya kuishi na kufanya kazi Uingereza, kwa hiyo huo tuuache. Ipo ambayo shirika linakulipia, kisha unalitumikia miaka kadhaa, na ukiondoka kabla unarudisha fedha. Huo unafanana na kukodisha mikarafuu. Mwenye kukodi anakupa fedha mkononi kabla ya msimu, bei ikipanda zile karafuu ni zake, huna la kusema. Watu wa Pemba tumekodisha mikarafuu tangu enzi za wazee wetu, na wengine imewafaa, maana walijua wanatoa nini na kwa msimu upi. Ungeniletea mkataba wa namna hiyo tungekaa tukauhesabu pamoja.

Wako ni wa namna ya tatu. Fedha zote zako, hatari yote yako, na shirika limeazima jina tu. Umevishwa nguo za ule wa kwanza, ndiyo maana umekuvutia, na sikulaumu.

Kuna jambo jengine ambalo nadhani limekupita, na ndilo lililoninyima usingizi. Katika ukurasa wa sita wamesema utatoka na leseni ile inayoitwa MPL. Nimemuuliza yule jirani yetu aliyefanya kazi ya uhandisi wa ndege Dar, akanifafanulia mpaka nikaelewa. Kwa viwango vya kimataifa leseni hiyo inahitaji saa zisizopungua 240, na sehemu kubwa ni za simuleta, ile mashine ya ardhini inayoigiza ndege. Inakutayarisha uwe rubani msaidizi kwenye ndege kubwa zinazorushwa na watu wawili. Mafunzo yake si mabaya. Ila yanakufunga kwa yule aliyekuandaa. Shirika likikugeuzia mgongo, ukarudi Unguja ukaenda kubisha hodi kwa hawa wenye Caravan zinazokwenda Pemba na Mafia, ndege ya injini moja anayoweza kuirusha rubani mmoja, leseni hiyo peke yake haikupi ruhusa ya kuirusha peke yako. Itabidi ujifunze tena na ulipe tena. Na vijana wa kwetu wengi saa zao za mwanzo wanazipata hukohuko kwenye ndege ndogo.

Leseni ya biashara ya kawaida inataka saa 200, au 150 ukisoma mfululizo kwenye kozi iliyoidhinishwa. Ukiwa nayo, na sifa ya kuruka kwa kutegemea vyombo hata nje hakuonekani, na ya injini mbili, unaweza kwenda kwa yeyote anayeajiri. Hata hiyo haikupi kazi siku ya pili yake. Kuwa rubani mkuu wa ndege kubwa kunataka saa 1,500, na baina ya 200 na 1,500 ndipo watu wanapokwama. Ila bora ukwame na leseni ambayo milango mingi inaifungukia. Na popote utakaposoma, uliza kabla ya kulipa namna Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya hapa kwetu itakavyoitambua hiyo leseni ya nje, maana kuibadilisha nako kuna mitihani yake.

Usinijibu kwamba shirika hili ni kubwa haliwezi kuyumba. Nilikuwa msichana wa skuli mwaka 1977 liliposambaratika Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, nalo lilikuwa mali ya serikali tatu. Na mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga viwanja, marubani waliokwisha kuajiriwa walikaa nyumbani, sembuse wanafunzi waliokuwa wakingoja kufikiriwa.

Mjomba wako hajapata kukusimulia haya, kwa hiyo nitayasema mimi. Alipokuwa kijana alitaka ubaharia. Akapata chuo, sikitaji, wakamwambia akilipa ada yote kwa mkupuo atapunguziwa. Babu yako akauza ng'ombe wawili na dhahabu ya bibi yako. Alisoma miezi minne. Mwezi wa tano alikuta kufuli kwenye geti na wenzake wamekaa ukutani na mabegi. Hakuna senti iliyorudi. Bibi yako hakulalamika mbele yake hata siku moja, lakini mpaka anafariki hakuvaa tena bangili. Sasa tazama ukurasa wako wa tatu: nusu ya ada yote kabla hujakanyaga darasani, "hairejeshwi." Waambie utalipa kwa hatua, kila hatua baada ya kumaliza iliyotangulia. Wakikataa, basi umeshapata jibu lao.

Sasa shamba. Umeandika kana kwamba ni langu. Marehemu baba yako ameacha mke na watoto watano, na mimi fungu langu ni thumuni, yaani moja ya nane. Yaliyobaki ni yenu, pamoja na kaka zako na huyu mdogo ambaye bado anasoma. Siwezi kuuza haki ya mayatima kwa ajili ya mmoja wao, hata kama huyo mmoja ndiye wewe. Na ile benki waliyokuelekeza inataka riba, na nyumba hii iwe rehani. Riba siitaki nyumbani kwangu, na sidhani hata wewe ulipouandika ule mstari moyo wako ulikuwa umetulia.

Jengine, karafuu haziji kila mwezi. Unaujua mwaka wa neema na unaujua mwaka ambao mnachuma makapu mawili na kurudi. Skuli ya urubani haitangoja mikarafuu.

Ninachokushauri ni hiki. Kabla ya yote, kapime afya, cheti cha daraja la kwanza, kwa daktari anayetambuliwa na Mamlaka, hata ikibidi uvuke Dar. Watakupima moyo, masikio, damu, na macho. Nimekwambia tulikuwa tunakupeleka Unguja kwa macho siku ile ya Caravan. Miwani yenyewe haimzuii mtu, wengi wanarusha ndege na miwani. Ninachokiogopa ni zile kurasa za vidoto vya rangi, unatafuta namba ndani yake, wajue kama macho yanatofautisha rangi. Ami yako mmoja hatofautishi embe bivu na bichi kwa rangi, anazibonyeza. Haya mambo yanakwenda kwenye damu, ingawa wanawake huwapata kwa nadra. Mtu asiuze hata jamvi kabla hajajua daktari anasema nini, na hicho cheti chenyewe utakuwa unakifuata angalau kila mwaka muda wote wa kazi yako.

Ukipita, anza na leseni ya binafsi. Ni saa 40 za kuruka, na unaweza kuipanga na likizo zako za kazini bila ya kuacha mshahara. Hapo utajua kama unaipenda anga au unaupenda uwanja wa ndege, na mimi nadhani ni anga. Thumuni yangu ya msimu huu yote ni yako kwa hilo, sikukopeshi, nakupa. Kaka yako mkubwa naye nimezungumza naye, amesema atatia mkono tukifika kwenye leseni ya biashara, lakini anataka kuuona mkataba kabla hujautia saini, na hapo namuunga mkono.

Na hawa wenye mpango waandikie barua ya adabu. Waulize: nikifaulu na mkaacha kuniajiri, nabaki na leseni gani, na nani analipa deni? Waombe wajibu kwa maandishi. Jibu likija zuri, nitumie, nitalisoma tena kwa moyo mweupe.

Mdogo wako anarudi Unguja Jumapili. Nimempa halua ya hapa Wete, na chini ya halua kuna bahasha ya fedha za kipimo. Hajui kama ipo, kwa hiyo ifungue wewe mwenyewe.

Mamako