Kushona nguo Leicester, Uingereza: jibu kwa mnaouliza kama mje

Mdogo wangu mmoja wa Morogoro, kamaliza ushonaji VETA, ameniandikia: "Dada, nasikia Leicester viwanda vya nguo viko kila mtaa. Nikija na viza ya kutembea, si napata cherehani kesho yake?" Si wa kwanza kuniuliza, kwa hiyo nawajibu wote. Nimeshona huku kabla sijahamia kazi nyingine.

Cherehani utapewa. Shida iko kwenye malipo. Karatasi yangu ya mshahara ilikuwa safi kabisa: kima cha chini cha sheria, kodi imekatwa. Ila saa zilizoandikwa zilikuwa za siku mbili, na mimi nimeshona wiki nzima. Zilizobaki unalipwa mkononi, kiasi anachotaka bosi. Ukijumlisha yote ukagawanya kwa saa ulizokaa pale kitini, nusu ya kima cha chini haifiki. Na haikuwa karakana yetu peke yake. Mwaka 2020, Leicester ilipofungiwa kwa korona, magazeti yaliandika kwamba kuna wanaolipwa pauni 3.50 kwa saa, wakati sheria ilitaka 8.72. Boohoo, duka la nguo la mtandaoni lililokuwa likinunua nguo nyingi hapa, likampa wakili Alison Levitt kazi ya kuchunguza, na ripoti yake ya Septemba ikasema madai yale kwa sehemu kubwa ni kweli.

Inawezekanaje, Uingereza hii hii? Duka la mtandaoni linataka magauni mia chache yawe yanauzwa ndani ya wiki mbili. Meli ya Bangladesh haiwahi, basi oda inaletwa Leicester, lakini kwa bei ya Bangladesh. Aliyeipokea anampa mwenzake amshonee kwa bei ya chini zaidi, na pengo lote linakatwa kwa fundi. Kuna gauni nililitia zipu, baadaye nikalikuta kwenye simu linauzwa pauni 5. Ndani ya hizo 5 kuna kitambaa, uzi, umeme, usafiri na faida ya kila mtu. Mimi nabaki na nini?

Cherehani ya pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Jinja, Uganda, aliyefukuzwa na Amin mwaka 1972. Kiswahili chake kizuri, na ndicho tulichoongea mchana kutwa. Dada yake alikuwa kwenye mgomo wa Imperial Typewriters, kiwanda cha mashine za taipu, hapa hapa mwaka 1974, Wahindi wa Afrika Mashariki walipogoma kwa kupunjwa, hata viongozi wa chama cha wafanyakazi wasiwaunge mkono. Nikamuuliza mbona leo hagomi mtu. Akanijibu: "Sisi tulikuwa na pasipoti ya Kiingereza, mwanangu. Hawa wana nini?"

Hapo ndipo ninapotaka mnielewe. Viza ya kutembea hairuhusu kazi yoyote. Tangu sheria ya 2016, kufanya kazi bila kibali ni kosa la jinai, na hata mshahara wako unaweza kutaifishwa. Mwanafunzi wa chuo naye mwisho wake ni saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Bosi anayajua haya yote kabla hujakaa kitini, na ndiyo maana anakuchukua. Na ufundi wa cherehani haumo kwenye kazi zinazopewa viza. Isitoshe, baada ya ile kashfa oda nyingi zimehamia Morocco na Uturuki, na karakana nyingi nilizozijua zimefungwa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiuze cherehani yako kwa safari hii. Na ninyi mlioko huku tayari mna kibali: kima cha chini kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa aliyefikisha miaka 21. Andika saa zako mwenyewe kila jioni, saa ya kuingia na ya kutoka, tunza kila karatasi ya mshahara, kisha wapigie Acas, shirika la umma linaloshauri juu ya haki za kazi. Ushauri wao ni bure, na serikali inaweza kukudaia malimbikizo ya hadi miaka 6 nyuma.